Tope la Kambare wa Kwanza

Kaka yangu hana kaburi. Mto ulimchukua mwanzoni mwa masika akivuka kutoka mnadani, na haukumrudisha. Kwenye migomba yetu, pembeni ya makaburi ya baba na mama, iko nafasi yake. Tunaipalilia kila mwaka na hatupandi kitu.

Tangu hapo sikula samaki wa mto ule. Kambare hula chochote kinacholala topeni, na mimi kila nilipofumba macho kushukuru kwa chakula niliwaza hilo.

Mwaka huu, mvua za kwanza zilipogonga mabati, mjane wake aliniita. Ni mgonjwa, haendi tena kanisani. Mimi, mzee wa kanisa, ndiye humsomea Neno nyumbani kwake.

"Shemeji, niletee kambare wa mto ule."

"Sokoni si wapo?"

"Wa sokoni hawakumjua kaka yako." Alipumzika kidogo. "Miaka yote hii sina mahali pa kwenda kumlilia. Sitaki kufa hivi. Mto nao utoe kitu. Mlete akiwa hai."

Nilipanda bodaboda kutoka kwetu mlimani hadi Kikatiti, kisha tukateremka tambarare. Mto ulikuwa mzito, rangi ya uji wa ulezi, ukitembea kama usiotaka kufika. Mvuvi mmoja alikuwa ukingoni.

"Shikamoo, mzee. Umepotea? Ninyi watu wa mlimani si mnasema kambare ni nyoka?"

"Marahaba. Nimetumwa na mwanamke."

"Ah! Basi hujapotea."

Akanipa mshipi, akatunga kumbikumbi kwenye ndoano. Nisitupe mbali, alisema. Mvua zikianza kambare huacha vilindi na kuja pembeni, kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Nikakaa, mshipi kidoleni. Maji hayakutoa sauti yoyote. Ndipo nyuma yangu mtu akasafisha koo, vile vile kaka yangu alivyozoea kabla ya kusema neno.

Niligeuka. Matete tu.

"Usigeuke, mzee," mvuvi alisema bila kuniangalia. "Hapa kila mtu anasikia wa kwake."

Nilisali kimya. Mshipi ukavutwa taratibu, kama mtu anayekushika mkono wa shati. Kambare alitoka akiguna, ndevu zikitafuta hewani. Nilimbeba mgongoni ndani ya gunia lililoloweshwa, na njia nzima ya kupanda alikuwa akijigeuza taratibu kwenye uti wa mgongo wangu.

Kambare wa matope huwekwa kwanza kwenye maji safi ayateme. Nilimtia kwenye pipa, chini ya dirisha la shemeji. Kila mara alipanda juu kuvuta hewa, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Anapumua," shemeji alisema kitandani.

Nilifungua Zaburi nikasoma kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

"Shemeji, unamsomea nani? Mimi au huyo wa kwenye pipa?"

Alicheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka, nikimshukuru Mungu kwa kicheko hicho.

Kesho yake nilimpasua mwenyewe. Tumboni mlikuwa na kumbikumbi na majani, basi. Tulipika, nikaomba, tukala. Alikuwa na ladha ya samaki.

Nilipoinamisha pipa kumwaga maji, shemeji akapiga kelele dirishani. "Usimwage tope!"

Lilikuwa limetulia chini, jeusi, laini, la kujaa kikombe. Nikamwaga maji ya juu polepole, tope likabaki. Yeye akatoka kwa miguu yake, ameegemea bega langu, hadi kwenye migomba. Nikalimimina kwenye ile nafasi tupu, nikasema maneno ya maziko niliyowasomea wengi, sasa kwa jina la kaka yangu.

Shemeji aliketi pale pale kwenye udongo wenye maji. Aliweka kiganja juu ya tope, akamwita mumewe, na hatimaye akalia kwa sauti kama wanavyolia watu makaburini.

Nilisimama kando yake, kofia mkononi. Nyuma yetu, ndani ya migomba, mtu alisafisha koo.

Sikugeuka.