Somo la Kumlaza Mtu Ubavu

Mimi Désiré ni mwalimu wa darasa la sita hapa Kindu, na ni mwoga. Naandika habari za Madame Mounira wa darasa la tano kwa sababu mwaka 1999 tulisoma darasa moja, nami nilimkimbia.

Wakati ule wa vita tulikuwa tumezoea kukimbia. Mlango ukifungwa kwa kishindo, darasa zima limeshafika uani. Siku Mounira alipoanguka na kutetemeka, tulidhani ni risasi. Tulipochungulia dirishani tukaona povu mdomoni mwake, tukabaki nje pamoja na mwalimu wetu. Kwetu husemwa kwamba ukigusa mate ya mtu anayeanguka, na wewe utaanguka. Alilala chali sakafuni, akipaliwa na mate, mpaka mama yake alipoitwa kutoka sokoni.

Baadaye alisomea ualimu Kalima, ambako hakuna aliyemjua, akarudi na vidonge vyake vya kifafa kwenye mkoba. Shuleni nilijua mimi tu. Wazazi wangejua, wangehamisha watoto wao, na direkta, mkuu wetu wa shule, asingemtetea. Namfahamu yule, hata kikohozi hukikimbia.

Kila Ijumaa, baada ya imla, aliwafundisha watoto huduma ya kwanza. Mmoja anajifanya mgonjwa, wenzake wanamlaza ubavu, wanaweka kitu laini chini ya kichwa, wanalegeza kola, wanahesabu sekunde mpaka atulie. Kijiko hakiingizwi mdomoni. Nilimtania kwamba anafundisha watoto kulala. Yeye akaendelea kuhesabu nao.

Mwezi wa tatu mwaka huu vidonge vilikosekana mjini wiki mbili. Asubuhi moja nikasikia kishindo upande wa pili wa ukuta, nikangoja mbio za watoto. Hazikuja. Nilipofika mlangoni Mounira alikuwa amelazwa ubavu, kichwa juu ya sweta, na Nathalie, msichana wa miaka kumi, anamfuta povu kwa kitambaa chake. Wenzake walikuwa wakihesabu polepole.

"Maitre, usisimame pa mulango," Nathalie aliniambia. "Hewa haiingie."

Nikasogea. Niliona haya mbele ya watoto wale, na haya zaidi Mounira alipofumbua macho.

Kesho yake alikuja na barua ya kuacha kazi, ameikunja mkononi. Mlangoni pa darasa akamkuta mama yake Nathalie amesimama. Mounira hakungoja kuulizwa.

"Mama, naelewa. Mupeleke tu Nathalie ku shule ingine."

"Hapana, Madame. Kuko mutoto ya dada yangu, naye anaangukaka. Tunamufungia mu nyumba, sasa ni miaka tatu." Sauti yake ikashuka. "Nimemuleta. Iko pale inje. Utamupokea?"