Mguu wa Tangi Hauzoei

Hebu mwone anavyoingia. Lango la shule limefunguliwa nusu, na mama wa miaka hamsini na mbili anapita ubavuni bila kumsalimu mlinzi, yeye ambaye kila wakikutana humuuliza habari za mke na za mgongo wake. Kitenge amekifunga juu ya suruali ya kazi. Kamba za buti zinaburuta vumbi jekundu, na miwani nyeusi ya kuchomelea ameisukuma hadi juu ya kilemba. Hana mkoba, hana simu. Mkononi ana kipande cha uzi wa mwashi tu, ameuviringisha kwenye ngumi kama mtu anayekwenda kumfunga mwizi. Ukikutana naye hivyo katika njia za mtaa wa Katuba, unampisha.

Huyo ni Albertine Kalaba, ambaye nusu ya Katuba wanamwita Mama Sudere kwa sababu kazi yake ni kuchomelea vyuma. Babu yake alishuka kutoka kaskazini kuja kufunga reli. Baba yake alikaa miaka thelathini katika karakana akipiga ribiti, mpaka macho yakamzimikia kidogokidogo. Albertine ndiye aliyekuwa akisimama karibu naye kumsomea vipimo, hadi siku moja mzee akamwambia, "Basi ushike mwenyewe, mi nitasikiliza." Na kweli alisikiliza, kwa sauti ya moto tu alijua kama mshono umeshika. Majirani walicheka kumwona mwanamke akiinama juu ya cheche. Walicheka mpaka milango aliyoitengeneza ikaanza kufunga vizuri kuliko ile waliyonunua mjini, ndipo wakaja mmoja mmoja, wakijifanya wanapita tu.

Nakwambia haya ujue kwamba si mgomvi. Mteja akileta vipimo vya uongo, yeye humkalisha, humpa chai, wakapima upya pamoja. Lakini leo ana hasira, na mimi sitamlaumu.

Miaka miwili iliyopita aliijengea shule hii mnara wa tangi la maji. Ulikuwa na miguu minne ya bomba nene, kila mmoja mita tatu, na juu yake tangi la lita elfu tano. Katikati ya miguu alizungusha vyuma vya kuishikanisha, pande zote nne, kwenye kimo cha kifua cha mtu. Vyuma hivyo aliviita mukaba, yaani mshipi. Bila mshipi, mguu wa mita tatu ni mguu mrefu, unaweza kuvunjika kiuno. Ukishauvalisha mshipi, ni kama miguu miwili mifupi iliyosimama mmoja juu ya mwingine, na mguu mfupi ni mkaidi. Siku ya kukabidhi mnara aliushika ule mukaba kwa mikono miwili, akawaambia wote waliokuwepo, "Hii, muntu asiiguse."

Muntu aliigusa.

Jean-Claude Mwape, rais wa komite ya wazazi, bwana wa mashati yaliyopigwa pasi, aliona kwamba chini ya tangi kuna kivuli kizuri kwa akina mama wanaouza mikate na maandazi saa ya mapumziko. Tatizo ni kwamba kila anayeingia alilazimika kuinama. Basi akamwita mtu na msumeno, upande mmoja wa mukaba ukaondolewa, na meza ikaingia. Watu wakamsifu. Wiki tatu baadaye, Jumapili, tangi likiwa limejaa hadi shingoni, mguu mmoja ulijikunja katikati kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Mlinzi alikuwa na akili ya kufungulia mabomba yote, maji yakaenda uani, mnara ukabaki umesimama. Ingekuwa Jumatatu saa nne, chini yake pangekuwa na wauzaji watatu na watoto zaidi ya sitini.

Je, walimwita aliyeujenga? Hawakumwita. Walijua atauliza habari ya mukaba. Wakamwita Aristote, kijana wa jana ambaye leo ni baba wa watoto wanne, aliyejifunza kazi kwa Mama Albertine miaka sita na sasa ana karakana yake. Aristote akaupasha mguu moto, akausukuma kwa jeki, ukanyooka. Akapiga rangi ya buluu. Mukaba haukurudishwa, kwa sababu meza ya maandazi ilikuwa bado palepale. Na leo Alhamisi, saa sita, kamyo, lile lori la maji, inakuja kulijaza tangi kwa ajili ya sikukuu ya shule ya kesho kutwa.

Mama Albertine alizisikia habari hizi asubuhi hii, akinunua maandazi.

Alikwenda moja kwa moja kwenye mnara. Akavuta benchi la wauzaji, akapanda, akaufunga uzi juu kabisa ya mguu, akashuka akiuvuta hadi chini, ukakazika. Kati ya uzi na chuma, pale kiunoni, vilipita vidole vyake viwili: mguu ulikuwa bado umepinda.

"Mama Albertine, jambo kwanza," Jean-Claude akasema. Alikuwa amekuja kutoka ofisini pamoja na directrice, yaani mwalimu mkuu, Mama Lydie.

"Jambo itafuata. Nani alipaka hii rangi?"

"Rangi iko mubaya?"

"Rangi iko muzuri. Njo maana inanikasirisha."

Aristote alikuwa nyuma ya mabomba akifunga koki. Alitoka akifuta mikono kwenye suruali, akasimama mbali kidogo, umbali ule ambao mwanafunzi hausahau hata akiota mvi.

"Aristote, huu muguu ulirudia wenyewe, ao uliurudisha?"

"Niliurudisha, mama. Na moto, na jeki."

"Sikia vile anasema. Muguu haukurudia. Ulirudishwa."

Jean-Claude akacheka, akamgeukia directrice. "Kurudia, kurudisha. Mama anatufundisha grammaire. Mama yangu, muguu iko wima, bantu bote banaona."

"Bantu bote banaona rangi."

"Sawa. Na tangi yenyewe?" Akanyoosha kidole juu, ambako bati la ubavu wa tangi lilikuwa na makunyanzi mawili makubwa tangu mwaka wa kwanza, yaliyopatikana wakati wa kulipandisha. "Ile ubavu ilikunjana, we mwenyewe ulisema haina neno, na ilibeba maji miaka mbili. Leo muguu nayo ilikunjana kidogo, inakuwa kesi. Juu ya nini? Juu ya vile hatukukuita?"

Hilo lilimchoma Mama Albertine, kwa sababu lilikuwa na kipande cha kweli.

"Bati iko na bandugu," akasema. "Juu kuko ukingo unaishika, chini kuko ukingo, huku na huku kuko mishono. Katikati ikichoka, ikikunjana, inaegemea kwa pembeni, pembeni inabeba. Njo maana nilikuambia haina neno. Muguu ataegemea nani? Ndugu yake ilikuwa mukaba, na we ulimukata ukaweka meza ya mikate."

Mama Lydie akaitazama meza. Akaanza kusogeza vikombe.

Hapo ndipo Aristote alipofungua mdomo, na laiti angenyamaza. "Mama, usikasirike. Hii chuma ilishazoea. Njo wewe ulitufundisha: ikishakunjana, uiache, itazoea."

Msomaji wangu, hasira ina namna mbili. Kuna ile unayomtupia mwingine, na kuna ile inayogeuka njiani ikakurudia usoni. Kwa sababu ni kweli, alikuwa amewafundisha hivyo. Miaka yote ya kutengeneza mageti, bati jembamba likipata moto wa kuchomelea hujikunja na kutuna, na wanafunzi huogopa, hutaka kuligonga nyundo. Yeye huwaambia, uiache, itazoea. Alisema neno hilo labda mara elfu. Hakuwahi kuongeza kwamba anasema juu ya bati. Alidhani wanaona.

Alisimama akimtazama Aristote, na kwa mara ya kwanza tangu aingie sauti yake ilishuka. "Eto yako iko wapi?"

Eto, lile taya la chuma la kubania vitu, lilikuwa limefungwa kwenye mkokoteni wa Aristote. Mama Albertine akachagua katika takataka za vyuma zilizokuwa humo. Kwanza akachukua spoki ya baiskeli, akaisimamisha mezani, akaibonyeza juu kwa kiganja. Ikapinda kama upinde. Akaachia, ikanyooka yenyewe.

"Ile ilirudia," akasema. "Ndefu na nyembamba inakuonya mapema. Inainama wakati chuma ingali muzima ndani."

Kisha akakata fito ya chuma, nene kama kidole, urefu wa shubiri, akaiweka wima kati ya mataya. "Kaza."

Aristote akakaza. Fito ikakaa. Akakaza tena, akining'inia kwenye mkono wa eto kwa uzito wake wote, mishipa ya shingo ikamtoka, fito imesimama kama askari. Halafu bila mlio wowote ikakunjika kiunoni, na Aristote nusura aanguke.

"Fungua. Itarudia?"

Haikurudia. Ilibaki na kigongo.

"Hii njo ndugu ya ule muguu. Haiko nyembamba, haiko fupi. Inakuvumilia, inakuvumilia, na ndani chuma inashindwa kwanza, njo inajikunja. Siku inainama, ilishakufa fasi fulani mule ndani. Sasa unyooshe."

Aristote akaipasha moto, akaigonga juu ya reli ya mkokoteni, akaizungusha mbele ya jicho, akagonga tena. Alikuwa fundi mzuri; ungeapa kwamba ni mpya. Ilipopoa wakairudisha kwenye eto.

"Kaza. Na mukono moja."

Alikaza kwa mkono mmoja. Hakuning'inia, wala mishipa ya shingo haikumtoka. Fito ikajikunja palepale.

Aristote aliuacha mkono wa eto polepole.

"Mi njo nilikosa," Mama Albertine akamwambia. "Nilikupa neno ya bati, ukaivalisha muguu. Lakini sasa unajua. Ulete muguu mupya, turudishe mukaba, juma moja tu."

"Juma moja sikukuu itakuwa imepita," Jean-Claude akasema. "Shubiri ya fito haiko mnara. Na bale banamuke, utabaambia nini?"

Alionyesha ukutani. Ndoo, mabeseni na madumu ya manjano yalikuwa yamepangwa tangu lango hadi jikoni, na wenyewe, akina mama wanaochota maji hapo shuleni, wamekaa kivulini. Mmoja wao, Edith Mwansa, aliinuka. Ana watoto watatu shuleni hapo. Hakupaza sauti.

"Mama Sudere, tangu ile Jumapili tunachota kisimani, kule chini. Mutoto wangu wa pili alitapika siku ine. Leo kamyo inakuja. Unataka tungoje tena?"

"Juma moja, mama."

"Juma moja ya nani? Ya kwako iko na koki ndani ya parcelle, kwako nyumbani."

Ilikuwa kweli pia. Honi ikalia nje.

Kamyo iliingia kinyumenyume, watoto wakapiga makofi madirishani. Dereva akashuka na mpira mnene begani. Jean-Claude akamwonyesha ngazi. Mama Albertine akamshika dereva mkono, Jean-Claude akautoa mkono huo kwa adabu, akisema mama amechoka, ni jua. Mama Albertine akamwomba directrice azuie, Mama Lydie akasema yeye si wa komite. Mama Albertine akawaambia wauzaji watoke chini ya tangi; wawili walitoka, mmoja alibaki na mafuta yake motoni, akisema ataondoka maji yakianza kuingia.

Hapo hasira yake ikaacha kutetemeka. Ikawa kama kazi nyingine yoyote. Akavuta miwani machoni.

"Aristote, washa shalimo."

Aristote aliitazama kamyo, akamtazama rais wa wazazi ambaye ndiye humpa kazi, kisha akainama akafungua chupa za gesi, akawasha, akampa mkononi mwali wa kukatia chuma. Akashika ngazi ili isiteleze.

Jean-Claude alipoelewa, mama alikuwa ameshafika juu. Cheche zilianguka kama nafaka, muuza maandazi akakimbia na kikaango chake. Mama Albertine alikata chini kabisa ya ubavu wa tangi, taratibu, duara safi lenye ukubwa wa sahani ya kulia, kwa mkono uleule uliolishona miaka miwili nyuma. Kipande kikadondoka uani, kikazunguka na kutulia. Dereva alikitazama, akaangalia tundu, akaanza kuukunja mpira wake.

Watoto waliacha kupiga makofi. Jean-Claude alikuwa akipiga simu, akisema neno "polisi" kwa sauti ya kusikika. Kina mama walikuwa wamesimama wote, na Edith Mwansa alikuwa amekwenda mpaka chini ya ngazi, beseni tupu kiunoni, akingoja buti zifike chini.

Sasa wewe uliyekuwa nami tangu langoni: kama beseni lile lingekuwa lako, na yule aliyetapika siku nne ni wako, na wale waliokuwa wakicheza chini ya mguu ule kila saa nne ni wako pia, ungemwambia nini Mama Albertine alipokanyaga ardhi?