Ganda Lililokwama

Nakumbuka siku moja nyuma ya Mutomo, mbogo akiwa hatua kumi tu, nami nimeshika bunduki isiyofunguka. Risasi ya kwanza ilimpiga begani. Nikainua mkono wa bolti, kile chuma cha kufungulia chumba cha risasi, nikavuta; ikagoma. Ganda tupu la risasi lilikuwa limeng'ang'ania ndani.

"Piga, Munyao! Piga basi!" Kioko, rizavu mwenzangu, askari wa akiba kama mimi, akaniita.

Nikagonga bolti kwa kiganja, nikaokota jiwe nikagonga nalo. Mbogo akanivunja nyonga akipita. Kisha akamfikia Kioko, akamuua pale pale.

Mwanangu, mambo hayakuanza siku hiyo. Ile bunduki kuukuu ya vita vya wazungu ilikuwa nzito kufunguka tangu nipewe. Mara mbili niliipeleka kwa Sajini Musembi, mwenye stoo ya silaha. Hata hakuichungulia.

"Wewe gonga tu," akaniambia. "Kwani wewe mwenyewe ukiamka asubuhi magoti hayakwami?"

Watu wakacheka. Na mimi, mjinga, nikacheka. Halafu nikazoea kugonga. Hilo ni kosa langu, silifichi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kiliniumbua kifo cha mwenzangu.

Nilipoanza kutembea kwa fimbo, chifu alimwita mjomba wangu Nzioka wa Nunguni, askari wa zamani, aiangalie ile bunduki. Alitoa kwanza risasi zilizobaki, akaingiza ufito wa chuma kwa mdomo wa mtutu.

"Ganda likitoka kwa kusukumwa kidogo, basi ule ukucha wa kulivuta umechoka," akasema.

Halikutoka mpaka alipougonga ufito kwa nyundo. Ubavu wote wa lile ganda ulikuwa na mikwaruzo. Akamulika tochi ndani: chumba cha risasi kimeliwa na kutu, vishimo vishimo.

"Mwiba uchomeapo ndipo utokeapo," akaniambia. "Ugonjwa uko huku, wewe unapiga bolti. Bolti ilikukosea nini, mwana wa dada yangu?"



Basi wewe unayepewa bunduki leo, kitu kikikataa usikizoee. Angalia ganda, mulika chumba, kisha uirudishe stoo, hata wakikucheka. Kicheko hakijamvunja mtu nyonga. Mungu akurudishe nyumbani kila jioni na miguu yako miwili.

Na Musembi, aliyeandika kitabuni kwamba bunduki imekaguliwa, bado anakalia stoo ile ile. Mama yake Kioko yuko Mutomo, nyumba inajulikana. Aende, avue kofia, amwambie: ni siku gani aliichungulia?