Mshipi wa Mjukuu wa Mpagazi

Inatangazwa kwa unyenyekevu mkubwa kwa wakazi wote wa Ipuli, na kwa samaki wa bwawa la Igombe ambao jambo hili linawahusu moja kwa moja: Mzee Octavian, fundi mstaafu wa mabehewa na mwimba besi wa kwaya ya parokia, ameingia rasmi katika uvuvi wa kizungu. Mnaombwa kutulia.

Silaha yenyewe ilikuwa ufito mkongwe wa mwanzi, mali ya padri mmoja aliyerudi kwao akauacha, pamoja na mfuko wa mishipi yenye namba. Mishipi ina namba za uzito, ufito hauna hata alama. Na hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana chambo cha uvuvi huu ni nzi wa manyoya asiye na uzito; kinachorushwa ni mshipi, nzi anapewa lifti tu. Mshipi ukizidi uzito unaulemea ufito, ukipungua mno ufito haupindi. Sharti vioane.

Mkewe, Veneranda, hakuwa na muda na ndoa hiyo.

"Baba Recheli, kunde zangu zinatambaa chini, na wewe umeegesha mti mzuri sebuleni. Jumapili ikifika bila samaki, mti huo unakwenda bustanini."

Hakuwa anatania. Mlingoti wa antena ulishakwenda kwenye nyanya.

Octavian akatoka nje uwanjani kufanya mazoezi, akafunga uzi wa sufu badala ya ndoana, na kama mwanamume yeyote ambaye babu yake alishika njia ya Bagamoyo na pembe ya ndovu begani, akachagua mshipi mzito kuliko yote: namba tisa. Ufito ukayumba kama mlevi anayetafuta funguo. Mshipi ukamwangukia kichwani, ukamzunguka shingo.

"Bwana Octavian!" akapaza sauti Masolwa, jirani yake fundi baiskeli. "Huyo uliyemkamata ni mkubwa! Mpime!"

Akashuka mpaka saba. Nafuu kidogo, lakini mshipi bado ulianguka kama kamba ya ng'ombe. Akagusa namba tano, Masolwa akaruka.

"Uzi huo? Babu yako alifikisha pembe pwani, wewe unabeba uzi wa kushonea vifungo?"

Octavian akaurudisha mfukoni. Siku zilizofuata alipigana na namba saba kwa heshima ya ukoo, na ukoo ukashindwa.

Jumamosi wakaenda Igombe, Masolwa akiwa amekuja kushuhudia maziko. Bega lilipogoma kabisa, Octavian akafunga namba tano kwa aibu, kama mtu aliyevaa kanga ya mkewe kwenda sokoni. Akarusha. Ufito ukapinda taratibu, mshipi ukanyooka hewani, nzi akatua majini bila kelele. Masolwa alikuwa ameshafungua kinywa kudhihaki. Akakisahau vivyo hivyo. Octavian akarusha tena, na tena. Jua lilipopanda, perege akavuta.

Jioni Veneranda alimgeuza yule perege upande huu na upande ule, akautazama ufito.

"Haya. Kunde nitazikatia miti mingine."

Samaki alipoiva, Masolwa akasimama mezani, kofia kifuani.

"Ndugu zangu! Leo Unyamwezi tumeona mzigo mwepesi ukifika mbali kuliko mzito! Mzee, waachie neno vizazi vijavyo."

Octavian akatafuna kwanza.

"Ana miiba. Kuleni polepole."