Tuta la Kaya Maskini

Mwaka ule pamba ilikosa bei, na mvua ikakatika mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Mume wangu alirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu na begi lake begani, kwa sababu mwenye duara, yaani mwenye shimo, alikuwa ameshindwa kuwalisha wachimbaji wake, na mchimbaji asiyelishwa hachimbi. Nyumbani tulikula michembe ya viazi vikavu asubuhi na michembe jioni, na watoto wakaanza kuiangalia sahani kwa chuki. Katika ukoo mzima mtu mwenye kitu cha maana alikuwa mama mkwe wangu, aliyeishi peke yake bondeni. Alikuwa na majaruba ya mpunga, na mwaka mbaya sote tulikula huko.

Ndipo mradi ulipokuja. Serikali ilisema chakula cha bure kimekwisha. Kaya maskini zitapewa kazi na kulipwa kwa jasho lao, na kazi yenyewe ni kuchimba lambo la kukinga maji ya mvua juu ya bonde, ili ukame mwingine usitukute tumekaa tunatazama mawingu. Mkutano ukapiga makofi. Nami nilipiga, ingawa sijapata kuona watu wakifurahi kuitwa maskini mbele ya majirani kama tulivyofurahi siku ile.

Kila kaya ilipimiwa kipande kwa kamba na vigingi. Ulichimba kipande chako, ukabeba udongo kichwani, ukaumwaga kwenye tuta la kuzuia maji upande wa bondeni, mkabala na hapo ulipochimba, kisha ukaushindilia. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na sehemu yake ya tuta anayoweza kuionyesha kwa kidole, na wanawake tulitaniana kwelikweli: la kwangu limenyooka, la kwako lina kibiongo. Kipande cha mama mkwe, aliyeandikishwa kwa uzee wake, kilipakana na changu. Wazee wenzake walikubali kazi nyepesi ya kutuletea maji ya kunywa, yeye alikataa. Alishindilia udongo wake taratibu, kama mtu anayekandika nyumba atakayolala mwenyewe.

"Mayu, inatosha," nilimwambia. "Msimamizi ameshapita."

"Msimamizi hakai bondeni," akanijibu. "Nakaa mimi."

Tulipozidi kwenda chini udongo ulibadilika, ukawa kokoto nyekundu zenye vipande vya mawe meupe. Siku moja mume wangu alikuja kunipokea jembe kwa sababu mgongo ulikuwa umenikaza. Akaokota jiwe, akalilamba, akaligeuzageuza juani. Uso ule ninaufahamu. Mara ya mwisho alipoliangalia jiwe hivyo, hatukumwona nyumbani msimu mzima. Aliyabeba mawe mfukoni, akayaponda kwenye kinu changu cha kutwangia, na kuyaosha kwa karai nyuma ya nyumba. Chini ya karai ukabaki mstari mwembamba wa njano. Nilifurahi na kuogopa kwa wakati mmoja, nikamwambia anyamaze. Alinyamaza mpaka jioni.

Kijiji kilichukua hatua haraka, hilo siwanyimi. Mtendaji alipiga marufuku mtu kuchimba dhahabu ndani ya lambo, na sungusungu wakawekwa kulinda shimo. Tuta hakuna aliyelikumbuka. Lakini udongo ulikuwa ni uleule, tena ulishachimbwa, kazi iliyobaki ni kuchota tu. Mwanamke wa kwanza kuonekana na ndoo aliulizwa anafanya nini, akajibu bila wasiwasi kwamba anachota kwenye kipande chake. Watu wakampisha. Udongo aliuchimba yeye, akaubeba yeye, akaushindilia yeye.

Basi kila mtu akarudi kwenye kipande chake, mchana kweupe, ndoo moja leo na nyingine kesho. Hakuna aliyegusa cha mwenzake, maana huo ungekuwa wizi na mtu angepigwa. Tulikuwa na adabu ya ajabu. Malipo ya mradi nayo yalikuwa yamechelewa, na kila aliyebeba ndoo alisema akilipwa ataacha. Sungusungu, waliokuwa pia na wake zao kwenye mradi, walitazama upande wa shimo.

Mume wangu alichota kwenye kipande changu. Nilimfokea mpaka sauti ikakauka.

"Mama mtoto, kipande ni cha kaya," alisema, "si chako peke yako."

Sukari ikarudi ndani, na mafuta ya kupikia. Nilikunywa ile chai tamu nikiwa nimekaa mlangoni, nalitazama tuta, na chai haikunipendeza hata kidogo.

Mvua za kwanza zilinyesha vizuri, lambo likajaa. Ng'ombe wakaletwa kunywa, wageni wa mradi wakaja kupiga picha, na mtendaji akasimama ukingoni akiwa amenyoosha shati. Ukitokea upande wa maji, tuta lilionekana zima. Ukitokea bondeni, lilikuwa kama gunzi lililogugunwa, na katikati yake kipande cha mama mkwe kimesimama peke yake, kimejaa, hakijaguswa.

Siku moja ya jua kali niliona unyevu chini ya kipande changu, mpana kiasi cha mkeka. Nilikanyaga pale, mguu ukazama mpaka kifundoni, na yale maji yalikuwa ya baridi. Yangeyange walikuwa wamehama ukingo wa lambo, wamesimama hapo chini, mahali pasipotakiwa kuwa na maji. Nilimwambia mume wangu, akasema malambo yote hutoa jasho. Nilimwambia mtendaji, akasema fundi wa mradi atafika barabara ikikauka. Nikashuka kwa mama mkwe, nikamkuta ameinama anapandikiza mpunga.

"Mayu, njoo ukae kwetu mpaka mvua ziishe."

"Na mpunga niuhamishie wapi?" Hakuinuka. "Watoto wako watakula nini mwaka huu?"

Nilimchukia siku ile kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nikavua kandambili, nikaingia jarubani, nikamsaidia kupandikiza mpaka miche ikaisha. Kila nilipoinua kichwa niliona tuta juu yetu.

Lilipasuka mchana, anga likiwa jeupe. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, si kwetu. Nilisikia mlio kama lori linalomwaga mawe, nikakimbia bila hata kufunga kanga vizuri. Maji yalikuja ya kahawia, kisha mekundu. Mama mkwe nilimkuta amepanda juu ya kichuguu, jiko lake limekwenda na maji, nyumba ikiwa imebaki. Nilimshika mikono nikalia kama mtoto. Yeye hakulia, alikuwa anatazama majaruba.

Kesho yake maji yalikuwa yamepungua. Lambo lilikuwa shimo tupu, na udongo wa tuta ulikuwa umelala juu ya mpunga wake, mzito, wa kufika magotini. Asubuhi hiyo wenzetu tuliochimba nao lambo walianza kushuka kuja kutoa pole, nikafurahi kuwaona. Walimpa pole kwa dhati, wengine wakamshika mkono na machozi machoni. Halafu nikaona wamekuja na makarai.

Mwanamke mmoja aliangalia juu kwenye tuta, akafuata kwa kidole njia ya maji mpaka chini, akachomeka kijiti. Akasema kuanzia hapo mpaka kule kwenye mgunga ni udongo wa kipande chake. Mwingine akachomeka chake. Hawakugombana, walielewana mipaka kwa upole kabisa, kama walivyozoeshwa. Mume wangu naye akafika na koleo. Alimwamkia mama yake vizuri, kisha akaanza kutafuta mahali udongo wetu ulipotua.

"Hili ni shamba la mama yako," nilimwambia.

"Shamba ni lake, udongo ni wetu. Tusipochota sisi watachota wao."

Mama mkwe alikuwa amesimama kando yetu, tope limemkaukia miguuni. Aliuliza bila kupandisha sauti:

"Na mpunga ulio humo chini, uko kwenye kipande cha nani?"

Wale wanawake waliinamisha macho kwenye makarai yao, na mume wangu, mwanawe wa kumzaa, alikuwa ameshavua shati na kuanza kuchimba.