Ndizi Tupu za Kwao

Mjukuu wangu wa kike ameipua ndizi, mvuke ukanipiga puani. Utotoni, sisi wa rika moja tulikula pamoja kwa zamu, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Siku hizi kila mtu na sahani yake, lakini tuyaache hayo.

Siku ya zamu ya kwao rafiki yangu, nikasema, "Kwenu kila siku ndizi tupu, kama tunalisha nguruwe."

Wenzangu wakacheka. Mama yake alikuwa mlangoni, akasikia. Rafiki yangu akairudisha ndizi sahanini.

Kesho yake, kwetu, mama yangu alimsogezea chakula.

"Nimeshiba, mama," akasema, na tumbo lake linanguruma sote tukisikia. Hakula nasi tena.

"Babu, mbona huli?"

"Nimeshiba, mama."