Samadi ya Boma la Kilonzo

Nilipokuwa mtoto, siku Susu alipotutolea onyo lile, tulikuwa wanne uani. Alikuwepo Susu mwenyewe, yaani bibi yetu mzaa baba, Kalekye wa Mbuvi, akichambua mbegu za kunde. Alikuwepo mama, Rebeka Mbithe, akisuka kiondo. Alikuwepo dada yangu Ndinda, wa miaka kumi na miwili, aliyebatizwa Priska ingawa jina hilo halikutoka nje ya daftari la kanisa. Na nilikuwepo mimi, Musembi, wa miaka tisa. Baba, Daudi Mutua, alikuwa kazini kwenye reli, Makindu. Ninataja majina yote kwa sababu habari hii iliposimuliwa baadaye kijijini, jina moja liliachwa.

Mwaka uliotangulia ukame ulimaliza ng'ombe wetu, na zizi letu lilikuwa tupu. Ng'ambo ya korongo kulikuwa na boma la Kilonzo, ndugu yake babu, aliyekufa bila mtoto. Boma lake lilibaki kama alivyoliacha, na zizini samadi ya miaka mingi ilikuwa imeiva, nyeusi na laini. Mvua ilikaribia. Ndinda alikuwa amepewa kijishamba chake cha kwanza, na macho yake hayakutoka ng'ambo ile.

Susu aliyaona macho hayo. "Ile ya Kilonzo haiguswi," alisema. "Hakuwa na mtu wa kumwachia. Anayeichukua amejifanya mrithi, basi atarithi vyote, na utasa pia."

"Hata kama ni mavi tu, Susu?" Ndinda aliuliza.

"Mavi ndiyo mali ya mwenye ng'ombe. Nyamaza uchambue kunde."

Juma lililofuata mama na Susu walikwenda matangani, wakalala huko siku mbili. Siku hizo mbili Ndinda na mimi tulivuka korongo mara kumi na moja. Yeye alibeba kiondo kikubwa na mimi kidogo. Aliingiza mkono kwenye samadi, akaifinya, akainusa, akacheka peke yake.

Maboga kama ya kijishamba cha Ndinda msimu ule sijayaona tena maishani. Yalitambaa hadi njiani, na wapita njia walisimama kuyatazama. Susu naye alisimama. Aliinama, akaokota udongo kidogo, akauacha uanguke.

"Ndinda, umeyalisha nini haya?"

"Ya Kilonzo, Susu."

"Pamoja na nani?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale. "Peke yangu," Ndinda alisema.

Susu hakumpiga. Alikaa chini kwenye majani, akashika kichwa, na tangu siku hiyo hakuonja boga lolote la shamba lile. Sisi wengine tulikula.

Ndinda aliolewa na Nzuki, mtu mpole wa upande wa Mua. Mwaka wa kwanza ulipita, wa pili ukapita, hakupata mtoto. Susu ndiye aliyeomba pafanyike utakaso, akiamini anamwokoa mjukuu wake. Lakini kwa desturi yetu kosa halisafishwi mpaka litajwe kwa sauti mbele ya wanaohusika, kwa hiyo wakwe waliitwa. Alipoitaja samadi ya Kilonzo mbele yao, Susu aliwapa sababu ya kumkataa Ndinda, ambayo wao wenyewe hawakuwa nayo.

Mganga alichinja mbuzi, akatoa majani yaliyokuwa tumboni mwa mnyama, akayaweka kwenye kibuyu kilichokatwa, yawe ya kuoshea mikono. Akauliza, "Mikono iliyobeba ni ya watu wangapi? Yote ioshwe leo. Mmoja akibaki, hii ni kazi bure."

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya misheni, nikiwa na miaka kumi na minane. Bado mtihani wa mwisho tu. Mwalimu mkuu alikuwa amemfukuza kijana wa kidato changu kwa kushiriki mambo kama hayo, naye aliyaita giza. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni, viatu miguuni, mikono nimeikunja. Nilijiambia kwamba mtu aliyesoma haogopi samadi, na kwamba kusema ni kuukubali ushirikina. Zilikuwa hoja nzuri. Ndinda alinitazama kwa muda mfupi sana.

"Mmoja," akamjibu mganga.

Wakaosha mikono miwili.

Kabla ya mavuno yaliyofuata Nzuki alimrudisha kwetu na sanduku lake. Hakugombana na mtu. Alimsalimu mama, akasema, "Mwaitu, mimi sina ubaya naye. Lakini nyumbani kwetu hawalali." Akaondoka. Ndinda alipewa kibanda nyuma ya ghala. Wanawake wenye mimba walikataa mbegu kutoka mkononi mwake. Mimi nilifaulu mtihani, nikawa mwalimu, nikaoa, nikapata watoto sita.

Nilipostaafu, katika miaka ya tisini, nilijenga Kyumbi, ambako udongo ni mgumu na umechanganyika na changarawe. Binti yangu Mumbua, anayekaa Syokimau, alitaka tuwe na uwanja wa nyasi mbele ya nyumba, na maua pembeni. Nilinunua mbolea kama mtu asiyejua anachotafuta: unga wa mifupa dukani, magunia ya samadi ya kuku kwa jirani, na mzigo wa samadi ya mbuzi. Nikamwita Ndinda aje achague.

Alipiga magoti kwenye marundo, akaingiza mkono katika ile ya kuku, akautoa upesi. "Hii ingali moto. Ukiweka sasa, nyasi itaungua yote. Imwagie maji, ifunike, ikae miezi mitatu. Wewe mwalimu umesoma mpaka ukasahau mavi."

Mumbua alicheka. "Shangazi, si tuweke hii ya duka? Iko na picha ya nyasi."

"Picha haimei, mama. Hiyo ya mifupa weka kwa maua, kidogo tu. Kwa nyasi tuchunge hii ya mbuzi kwa chekeche, tunyunyize nyembamba kabla ya mvua."

Mumbua alipoingia ndani kupika chai, tulibaki wawili na chekeche.

"Ndinda," nilisema, "siku ile ya mbuzi."

Hakuacha kuchunga. "Ungesema, ungefukuzwa shule. Tungekuwa wawili pale nyuma ya ghala. Ingesaidia nani?"

"Nitasema sasa."

"Kwa nani? Susu amekufa. Mwaitu amekufa. Nzuki mwenyewe amekufa. Tikisa, Musembi, unalala."

Nimelipima jambo hili kwa njia zote mbili. Ikiwa Susu alisema kweli, basi utakaso uliharibika kwa mikono yangu miwili ambayo haikuoshwa, na dada yangu alibaki bila mtoto kwa sababu yangu. Ikiwa Susu alikosea, basi watoto wangu sita walikuwa ushahidi tosha, maana nilibeba samadi ileile. Ningefungua mdomo, hakuna ambaye angeweza kumtazama dada yangu vile. Shule ilinifundisha kuchagua jibu moja kati ya mawili. Hapa kila jibu linanirudisha palepale, kwenye kiti cha pembeni, mikono nimeikunja.

Hata hivyo niliazimia kusema. Vijana wa ukoo walikuwa bado wakiisimulia habari ile, na ndani yake walimtaja dada yangu peke yake. Sisi sote hukutana nyumbani kila Desemba, na niliona ingefaa nisimame kabla ya chakula, Ndinda akiwa ameketi pale, nitaje majina yote mawili na viondo vyote viwili. Niliandika maneno hayo kwenye karatasi, nikayafupisha, nikayaandika upya. Nilimwambia Mumbua ahakikishe shangazi yake amekuja.

Ndinda binti Mutua alifariki Novemba, siku ya Alhamisi, asubuhi, kibandani kwake.